Ludwig Guttmann: munganga mukimbizi aliyewatoa kitandani waliovunjika mugongo

Wachimbaji wa madini wa Kivu wanaijua ajali hii. Shimo linaporomoka, jiwe linamupiga mutu mugongoni, wenzake wanamuvuta inje akiwa muzima: anasema, anaomba maji, anauliza habari ya bibi na watoto. Lakini miguu yake haisikii tena.

Mwaka wa 1917, ajali ya namna hiyo ilitokea mbali na hapa, kwenye muji wa Königshütte, katika eneo la makaa ya mawe lililokuwa wakati ule mashariki mwa Ujerumani. Muchimbaji kijana, mwenye mwili wa nguvu, alifikishwa hospitalini uti wa mugongo ukiwa umevunjika. Waganga walimufunga plasta, wakamulaza nyuma ya mapazia, mbali na wagonjwa wengine. Kijana mumoja aliyekuwa anajitolea kazi pale alianza kuandika hali yake, lakini aliambiwa asijisumbue, kwani mugonjwa yule angekufa kiisha wiki chache. Ndivyo ilivyokuwa. Kiisha wiki tano, vidonda vya kulala na sumu katika damu vilimumaliza.

Kijana aliyekatazwa kuandika aliitwa Ludwig Guttmann. Hakumusahau muchimbaji yule. Kwa zaidi ya miaka 60 iliyofuata, kama munganga, mutafiti na mwalimu, alionyesha kwamba vifo vya namna ile vingeweza kuzuiwa, na kwamba mutu aliyepooza miguu anaweza kufanya kazi, kucheza na kushinda. Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, ambayo leo inakusanya wachezaji wa dunia nzima kila miaka minne, ilitokea kwenye chumba chake cha wagonjwa.

Tunaeleza maisha yake kwa sababu mambo aliyopigania yanagusa muji wetu. Ajali za mashimo, ajali za moto kwenye barabara zetu za kupanda na kushuka, na risasi za vita visivyokwisha zimeacha familia nyingi za Bukavu na mutu aliyelala ndani ya nyumba, asiyejulikana afanyiwe nini.

Kutoka Tost mpaka Breslau

Guttmann alizaliwa tarehe 3 mwezi wa saba 1899 kwenye muji mudogo wa Tost, katika jimbo la Silesia. Leo muji huo uko inchini Poland na unaitwa Toszek. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Alipokuwa mutoto mudogo wazazi walihamia Königshütte, na huko ndiko alikokulia, kati ya watu waliokula jasho la mashimo ya makaa.

Mwaka wa 1918 alianza masomo ya uganga kwenye universite ya Breslau, kisha akaendelea Freiburg. Huko alijiunga na kikundi cha wanafunzi Wayahudi kilichofanya mambo mawili pamoja: kupinga chuki juu ya Wayahudi, na kufanya michezo ili vijana wao wasionekane wazaifu. Mafundisho hayo, kwamba mwili wenye mazoezi unamurudishia mutu heshima mbele ya wenye kumuzarau, tutayaona tena baadaye katika maisha yake.

Alipata digrii ya udaktari mwaka wa 1924. Hakuwa na nia ya kujifunza mishipa ya fahamu. Alitafuta kazi kwenye idara nyingine ya hospitali ya Breslau, lakini nafasi iliyopatikana ilikuwa kwa profesa Otfrid Foerster, bingwa wa magonjwa ya ubongo na mishipa, yule aliyeitwa Moscow kumutibu Lenin katika miaka yake ya mwisho. Guttmann aliichukua nafasi hiyo. Foerster alikuwa mutu wa kazi nyingi na usingizi mudogo, na musaidizi wake alifuata mwendo huo huo. Isipokuwa muda mufupi aliotumia Hamburg, Guttmann alibaki naye mpaka 1933, akawa musaidizi wake wa kwanza na mwalimu wa universite.

Wakati huo ndipo alipoanza utafiti wa jasho. Kwa watu wengi jasho ni uchafu wa kupangusa tu. Kwa Guttmann lilikuwa kama barua inayotoka ndani ya mishipa. Alitengeneza njia ya kumupaka mugonjwa unga maalumu unaogeuka rangi ukilowa. Kisha mwili unapashwa moto. Pahali ambapo mishipa ni mizima, ngozi inatoa jasho na unga unabadilika; pahali ambapo mushipa umekatika, unga unabaki jinsi ulivyo. Kwa hiyo munganga aliweza kuona kwa macho mupaka wa kidonda bila kupasua. Kazi hiyo ya kujua namna mwili unavyopambana na joto na uchovu ilimufaa sana alipoanza kuwachezesha watu waliopooza.

Usiku wa mwezi wa kumi na moja

Mwaka wa 1933 chama cha Nazi kilichukua utawala. Sheria mpya ziliwafukuza Wayahudi kwenye kazi za serikali, na Guttmann akatolewa kwenye hospitali na universite. Alikwenda kufanya kazi kwenye Hospitali ya Wayahudi ya Breslau, na mwaka wa 1937 akawa mukubwa wake wa waganga. Hakuruhusiwa tena kuwatibu watu wasio Wayahudi.

Usiku wa tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 1938, makundi ya Wanazi yalichoma masinagogi, yakavunja maduka na kukamata wanaume wa Kiyahudi katika Ujerumani nzima. Guttmann aliamuru wafanyakazi wa hospitali wapokee mutu yeyote atakayefika mulangoni bila kumuuliza swali. Watu 64 walilazwa. Kesho yake polisi ya siri ilifika na kudai maelezo. Munganga alipita nao kitanda kwa kitanda, akitoa kwa kila mutu sababu ya ugonjwa, na mingine aliitunga palepale. Watu 60 kati ya wale 64 waliokoka, hawakupelekwa kwenye kambi.

Kisha mulango ulifunguka kwa namna asiyoitarajia. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule, serikali ileile iliyomunyanganya pasipoti ilimutuma Ureno kumuchunguza mugonjwa aliyekuwa rafiki wa Salazar, mutawala wa inchi hiyo. Wakati wa kurudi alipitia London. Huko kulikuwa na shirika lililoundwa mwaka wa 1933 kwa kusaidia walimu na watafiti waliofukuzwa na Wanazi. Kati ya viongozi wake alikuwa Archibald Hill, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel ya 1922 kwa kuchunguza joto linalotoka ndani ya nyama ya mwili inapofanya kazi, na ambaye anahesabiwa kati ya waanzilishi wa elimu ya mwili katika mazoezi. Shirika hilo lilimutafutia Guttmann na jamaa yake vibali na pauni 250 za kuanzia maisha.

Tarehe 14 mwezi wa tatu 1939, Guttmann, bibi yake Else, na watoto wao wawili, Dennis na Eva, walifika Oxford. Alikuwa na karibu miaka 40. Luga ya Kiingereza ilimupa shida, na sauti ya Kijerumani haikumutoka mpaka kifo. Alikuwa amewahi kuongoza hospitali. Sasa alikuwa mukimbizi aliyepewa kazi ya utafiti na asiyeachiwa wagonjwa wake mwenyewe. Wakimbizi wengi wa Kivu wenye digrii, walio kwenye makambi au kwenye miji ya ugenini, watajitambua hapo.

Vitanda vya Stoke Mandeville

Mwaka wa 1943 Waingereza na wenzao walikuwa wanatayarisha kuingia Ulaya kupigana na Hitler. Walijua waaskari wengi watarudi wakiwa wamevunjika mugongo. Serikali ilimuomba Guttmann aongoze kituo maalumu kwa ajili yao. Alikubali kwa sharti moja: aachwe kufanya kazi kwa njia yake, bila kuingiliwa. Kituo kilifunguliwa tarehe 1 mwezi wa pili 1944 kwenye hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na muji wa Aylesbury, kikiwa na vitanda visivyofika 30.

Waganga wenzake walimushangaa. Kwao kazi hiyo ilikuwa ya kuchunga watu waliokwisha kuhukumiwa kufa. Wengi waliopooza hivyo walikuwa wanakufa ndani ya miezi michache, na aliyeishi alibaki kitandani, akipewa dawa za kutuliza maumivu, akingojea siku yake.

Ili kuelewa alichofanya, tufikiri juu ya waya wa umeme unaotoka kwenye barrage ya Ruzizi kuja mujini. Waya ukikatika njiani, taa za Kadutu hazikuharibika, lakini umeme hauzifikii. Uti wa mugongo ni waya wa namna hiyo kati ya ubongo na mwili. Ukikatika, miguu si mibaya, lakini amri haifiki, na habari za maumivu, za joto na za mukojo hazirudi. Mutu analala pahali pamoja bila kusikia kwamba ngozi yake imebanwa kati ya mufupa na kitanda. Damu haipiti, ngozi inakufa, kidonda kinaingia mpaka kwenye mufupa. Kibofu nacho kinajaa bila yeye kujua, uchafu unapanda mpaka kwenye mafigo. Guttmann alielewa kwamba wagonjwa wengi hawakuuawa na mugongo uliovunjika. Waliuawa na vidonda na mukojo.

Dawa yake ya kwanza haikuwa mashine. Aliondoa vitanda vya plasta. Akaamuru kila mugonjwa ageuzwe kila saa mbili, muchana na usiku, bila kuruka hata mara moja. Mara nyingi alionekana usiku wa manane akipita mwenyewe kuhakikisha kwamba kazi imefanyika. Akafundisha namna safi ya kutoa mukojo kwa mupira, bila mikono kugusa kinachoingia mwilini. Wauguzi walimuogopa, kwani hakusamehe uvivu. Lakini vidonda vilipona, na watu hawakufa tena kama zamani.

Pamoja na kutibu, alichunguza. Mwaka wa 1947, yeye na mutafiti David Whitteridge walitangaza jambo lililowashangaza wengi: kwa mutu aliyevunjika sehemu za juu za mugongo, kibofu kikijaa sana, musukumo wa damu unapanda gafula mpaka unaweza kumuua, huku kichwa kikimuuma na uso ukitoa jasho. Sababu inaweza kuwa tu mupira wa mukojo ulioziba. Leo kila munganga anayetunza watu hao anafundishwa hatari hiyo.

Muchezo kama dawa

Mutu akikwisha kupona vidonda, bado kulikuwa na ugonjwa mwingine: kukata tamaa. Waaskari hao wengi walikuwa vijana. Guttmann hakutaka walale wakihesabu mbao za dari. Asubuhi walipewa kazi: useremala, kutengeneza saa, kupiga mashine ya kuandika. Wagonjwa walimunungunikia, kisha wakamuita Poppa, yaani baba.

Muchezo ulikuja kwa njia ya kawaida kabisa. Wagonjwa waliokuwa kwenye viti vya magurudumu walianza kusukuma kitu chini kwa fimbo, wakicheza kama polo. Munganga aliwaona, naye akaingia kucheza. Baadaye polo iliachwa kwa sababu watu walikuwa wanaumizana, na nafasi yake ikachukuliwa na mupira wa kutupa kwenye kikapu. Walicheza pia mishale ya kutupa kwa mukono, bilia na tenisi ya meza.

Lakini aliupenda zaidi upinde. Alikuwa na sababu za kimwili. Mutu aliyepooza kuanzia kiuno kwenda chini anahitaji mabega, mikono na nyama za mugongo wa juu zifanye kazi ya miguu: kujiinua kitandani, kuhamia kwenye kiti, kujisukuma, kukaa wima bila kuanguka. Kuvuta upinde kunajenga nyama hizo, kunapanua kifua na kufundisha mwili kulinda uzani wake. Moyo nao unapata mazoezi ambayo kitanda kiliunyima. Na kuna jambo la pili: mupiga upinde wa kwenye kiti anaweza kushindana na yule aliyesimama, na kumushinda.

Hilo ndilo baadaye lilipata jina na kuwa somo la universite: mazoezi ya mwili yaliyorekebishwa kufuatana na hali ya mutu. Mwalimu haanzi na kile ambacho mwanafunzi hana. Anapima kilichobaki, anachagua muchezo unaokitumia, anabadilisha sheria au chombo ikihitajika, kisha anaongeza uzito kidogo kidogo. Pia anajua mipaka ya mwili. Mwenye kuvunjika mugongo sehemu za juu hatoi jasho chini ya kidonda chake. Akichezeshwa sana kwenye jua, joto litamuangusha. Munganga aliyepaka unga wa jasho kule Breslau alikuwa tayari anayajua hayo.

Wachezaji 16 kwenye majani ya hospitali

Tarehe 29 mwezi wa saba 1948, mufalme wa Uingereza alifungua Michezo ya Olimpiki London. Siku hiyohiyo, kwenye majani ya hospitali ya Stoke Mandeville, watu 16 waliopooza, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kwa upinde. Wote walikuwa wametumikia jeshi. Upande mumoja ulikuwa wa Stoke Mandeville, upande mwingine wa nyumba ya waaskari wagonjwa ya Star and Garter, ambayo ndiyo ilishinda. Guttmann aliichagua siku hiyo kwa makusudi.

Mwaka uliofuata alitangaza kwamba siku moja watu hao watakuwa na Olimpiki yao. Waliosikia walifikiri anaota. Mwaka wa 1952 kikundi cha Waholanzi kilivuka bahari kuja kushindana, na michezo ikawa ya mataifa, ikiwa na wachezaji karibu 130. Mwaka wa 1956 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliupa mupango huo kombe la heshima.

Mwezi wa tisa 1960, mwaka ambao Kongo ilipata uhuru wake, wachezaji karibu 400 kutoka inchi 23 walikusanyika Roma, siku chache tu kiisha Olimpiki. Nyumba walizopewa zilikuwa na ngazi, na ilibidi waaskari wa Italia wawabebe na viti vyao. Papa Yohane wa 23 aliwapokea Vatikani. Mashindano hayo ndiyo yanahesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza. Kiisha Roma, ikafuata Tokyo mwaka wa 1964.

Mwethiopia aliyeshinda bila viatu

Roma na Tokyo zinatufikisha kwa mwana wa Afrika. Tarehe 10 mwezi wa tisa 1960, siku nane mbele ya michezo ya Guttmann kufunguliwa kwenye muji huohuo, askari wa Ethiopia Abebe Bikila alikimbia marathoni ya Roma bila viatu akaishinda. Tokyo alishinda tena, akawa mutu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mwezi wa tatu 1969, gari lake dogo lilipinduka usiku katika Ethiopia. Mugongo ulivunjika. Alisafirishwa mpaka Stoke Mandeville, akabaki huko miezi mingi. Mikono ilirudi, miguu haikurudi. Miguu iliyojulikana dunia nzima ilikuwa imenyamaza.

Katika hospitali hiyo hakuna aliyemuacha alie peke yake kitandani. Alifundishwa upinde na tenisi ya meza kama wengine, na mwaka wa 1970 alishiriki katika michezo ya Stoke Mandeville. Mwaka uliofuata, huko Norvege, alishinda mbio za kigari cha kuteleza kwenye barafu. Alikufa mwezi wa kumi 1973, akiwa na miaka 41. Ethiopia ilimuzika kwa heshima za kitaifa. Kwa Waafrika wengi, yeye ndiye aliyeonyesha kwamba kiti cha magurudumu si mwisho wa muchezaji.

Mwalimu mwenye kichwa kigumu

Guttmann alipewa uraia wa Uingereza mwaka wa 1945, na mwaka wa 1966 malkia alimupa cheo cha Sir. Aliunda chama cha kimataifa cha waganga wa waliopooza mwaka wa 1961, na kuanzia 1963 aliongoza gazeti lao la utafiti. Mwaka wa 1973 alitoa kitabu kikubwa juu ya majeraha ya uti wa mugongo. Mwaka wa 1976 kikafuata kitabu cha kufundishia michezo ya walemavu. Mwaka huohuo wa 1976 alipokelewa katika Royal Society, baraza la watafiti wakubwa wa Uingereza. Waganga kutoka inchi nyingi walikuja kwake kujifunza, wakarudi kwao kufungua vituo. Mwaka wa 1973 pia, huko Quebec, shirika la kimataifa la mazoezi ya mwili yaliyorekebishwa lilianzishwa, na somo hilo likawa na wenyewe katika universite.

Hakuwa malaika. Aliongoza kama kamanda, na hakupenda kubishiwa. Kwa muda murefu michezo yake ilikuwa ya waliopooza mugongo tu. Vipofu na waliokatwa viungo waliingia Toronto mwaka wa 1976. Mbio za viti zilikuwa fupi, kwa hofu ya waganga kwamba mbio ndefu zingeumiza, mpaka wachezaji wenyewe walipoonyesha tofauti: mwaka wa 1975 Mumarekani Bob Hall alimaliza marathoni ya Boston kwenye kiti chake. Na kwa Waafrika kuna jambo lingine. Wakati dunia ilikuwa inaifungia Afrika ya Kusini ya ubaguzi wa rangi, Guttmann aliendelea kutetea ishiriki, akisema timu yake imechanganya weusi na weupe. Kwa sababu hiyo inchi kadhaa, pamoja na za Afrika, hazikucheza Toronto. Mutu aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya taifa lake hakuelewa hasira yao.

Moyo wake ulishituka mwaka wa 1979, na tarehe 18 mwezi wa tatu 1980 akafariki, akiwa na miaka 80. Mwaka huo Moscow, iliyopokea Olimpiki, ilikataa kupokea walemavu, na michezo yao ikafanyika Arnhem, Uholanzi. Ilibidi kungoja Seoul, mwaka wa 1988, ili michezo yote miwili ikubaliwe tena kwenye muji mumoja na viwanja vilevile.

Na sisi hapa Bukavu?

Kenya na Uganda zilishiriki kwa mara ya kwanza mwaka wa 1972. Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilingoja miaka 40 zaidi, mpaka London 2012. Wakati timu yetu ilipoingia kwenye kijiji cha wachezaji, mama aliyekuwa na cheo cha meya wa kijiji hicho alikuwa Eva, binti ya Guttmann, yule mutoto aliyefika Oxford mwaka wa 1939 na wazazi wake wakimbizi.

Medali ni furaha, lakini kwa familia ya Bagira au ya Panzi yenye mutu aliyevunjika mugongo, jambo la kwanza katika maisha haya si medali. Ni kumugeuza mugonjwa kila saa mbili. Ni kumuangalia ngozi kila siku, kwenye makalio, kwenye kisigino, kwenye mifupa ya kiuno. Ni mupira wa mukojo ulio safi, na kutokupuuza kichwa kinachouma gafula na jasho usoni: hapo mukalisheni wima, angalieni kama mukojo unapita, na mumupeleke hospitalini haraka. Mengi kati ya hayo yanaombwa kwa mikono na saa, zaidi ya mashine za bei kali. Guttmann aliyafanya wakati wa vita, kwenye majengo ya mbao.

Jambo la pili ni kiti, njia na muchezo. Kwenye muji wetu wa milima, wa ngazi na matope, mwenye kiti cha magurudumu anazuiwa na barabara kabla ya kuzuiwa na mwili wake. Hata hivyo, kila siku tunawaona wenzetu wakiendesha kwa mikono kinga za magurudumu matatu zenye mizigo mizito, wakitafutia watoto wao chakula. Mabega yao yamejengwa na kazi, kama Guttmann alivyotaka kuyajenga kwa upinde. Vituo kama Heri Kwetu vimeonyesha kwa miaka mingi kwamba inawezekana kuwafundisha na kuwarudisha katika maisha ya wote.

Bukavu ina universite zenye kufundisha uganga, na ina vijana wanaopenda michezo. Muchimbaji wa Königshütte alikufa kwa sababu watu wa wakati wake walikuwa wamekwisha kuamua kwamba hakuna la kufanya. Kwa wale wanaotolewa leo kwenye mashimo yetu, dunia inajua la kufanya tangu mwaka wa 1944. Kinachobaki ni kwamba mutu wa Kamituga au wa Kadutu akutane na aliyefundishwa kulifanya.